Kopo Dogo Si Nyongeza

Kila asubuhi wanawake wa mtaa ule walifua nguo. Mama Pacha alifua maji.

Ndivyo wanavyosema watu wa vyombo vya majini. Kuyatoa maji yaliyoingia botini ni kuyafua. Unachota, unamwaga. Unachota, unamwaga. Nguo ukishazifua, unazianika na kukaa kitako. Maji ukishayafua, yanaingia mengine.

Mama Pacha na mumewe walikuwa na boti ya kuvusha watu mtoni. Ilikuwa boti ya faiba, yaani ile plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo ndani yake. Asubuhi waliwavusha wauguzi, walimu na wauza mboga. Jioni waliwarudisha. Mume alishika injini nyuma. Mke alikaa katikati, akafua maji kwenda na kurudi.

Miaka miwili alifua. Bega lake la kulia lilikuwa limechakaa kama bawaba ya mlango wa zamani. Mkono ulikuwa hauwezi tena kufika kichwani. Binti zake mapacha, wenye miaka tisa, ndio waliomchana nywele. Mmoja alichana kushoto, mwingine kulia, na mama akasinzia katikati yao.

"Mama, usilale! Kichwa kinaanguka."

"Kiacheni kianguke. Kitaokotwa."

Abiria nao hawakukosa la kusema. Waliinua viatu vyao na kuviweka mapajani.

"Mama Pacha, leo tunavuka au tunanawa miguu?"

"Vyote viwili," alijibu. "Na taulo utajiletea mwenyewe."

Walicheka. Yeye hakucheka. Kucheka kunataka nguvu.

Maji yale yaliingilia wapi? Yalikuwa na milango miwili.

Mlango wa kwanza ulikuwa chini, kwenye tumbo la boti. Kila jioni Baba Pacha aliivuta boti juu ya sakafu ya zege iliyomomonyoka. Vyuma vilikuwa vimechomoza humo kama meno. Boti ilikwaruzwa leo, ikakwaruzwa kesho. Mikwaruzo ikawa mifereji, na mifereji ikafika kwenye nyuzi.

Mlango wa pili ulikuwa nyuma, na huo aliufungua Baba Pacha kwa mikono yake. Alifunga ngazi ya kupandia abiria kwa skrubu nne. Watu wakasema iko juu mno. Akaihamisha. Wakasema iko chini mno. Akaihamisha tena. Ngazi moja, mahali patatu, matundu kumi na mawili. Manne yalikuwa na skrubu. Manane yaliyobaki aliyaziba kwa sabuni ya kufulia.

Naam, sabuni. Baba Pacha alikuwa mtu mwema, mwenye mikono miwili na majibu matatu. Swali lolote ulilomuuliza, jibu alikuwa nalo mfukoni, hata kama halikuhusu.

"Sabuni ni mafuta," alimwambia mkewe. "Na mafuta hayapitishi maji."

Siku ya tatu boti ilikuwa inatoa povu. Nahodha wa boti ya jirani, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, alisimama gatini akapiga kelele:

"Jamani njooni muone! Boti namba nne inapiga mswaki!"

Baba Pacha akatoa sabuni iliyosalia juujuu, akachomeka njiti za kiberiti, akapaka rangi juu yake. Akasema kazi imekwisha. Mama Pacha akaendelea kufua.

*

Siku ya Alhamisi alikuja mkaguzi wa vyombo. Hakuwa mtu wa kelele. Aliingia botini, akakaa, akatazama viatu vyake vikilowa. Kisha akatoa karatasi nyekundu na kuibandika mbele ya boti. Iliandikwa kwa herufi kubwa: MARUFUKU KUBEBA ABIRIA.

"Mzee, tuna watoto," alisema Baba Pacha.

"Na abiria wenu nao wana watoto," alijibu mkaguzi. "Jumanne ijayo sipo. Nitarudi Jumanne inayofuata. Nikikuta boti kavu, nitaitoa karatasi. Nikikuta maji, namba nne atapewa mwingine. Kuna watu wanaingoja."

Kila mtu pale gatini alijua maana yake. Zilikuwapo namba nane tu. Asiye na namba hana pa kuegesha, na asiye na pa kuegesha hana kazi. Zilibaki siku kumi na mbili.

Mama Pacha alikaa kwenye ukingo wa gati. Alitaka kulia, akaona kulia nako ni kufua maji. Akaacha.

Kesho yake Baba Pacha alikwenda kwenye duka la vifaa vya boti. Alirudi akitabasamu, ameshika makopo mawili, kubwa na dogo.

"Mke wangu, nimepata gundi ya faiba. Wataalamu wanaiita rezini. Na muuzaji ni mtu wa watu! Kanipa na hiki kidogo cha nyongeza."

"Nyongeza ya nini?"

"Nyongeza haiulizwi. Ukiuliza, anaichukua."

Kopo dogo aliliweka jikoni, kwenye rafu, kando ya chumvi. Kopo kubwa alikwenda nalo kwenye boti. Akapaka gundi ile nzito juu ya mikwaruzo na juu ya njiti. Hakufuta kitu, hakukausha kitu. Akaigeuza boti ili jua liipige vizuri.

Jumamosi gundi ilinata. Jumapili ilinata. Jumatatu asubuhi Mama Pacha aliigusa, na kidole kikabaki pale kama mgeni asiyetaka kuaga. Juu ya gundi walikuwamo nzi saba, unyoya mmoja wa kuku na tiketi ya basi.

"Bado inakauka," alisema Baba Pacha. "Vitu vya kiwandani vina maringo."

Redio alikuwa anapita.

"Shemeji! Boti imeacha kubeba watu, sasa inabeba nzi?"

Mama Pacha alijifuta kidole kwa mchanga. Mchanga nao ukanata. Zilibaki siku nane. Akavuka barabara.

*

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na gereji. Mbele yake yalirundikwa mabampa ya faiba ya magari, yaliyopasuka na yaliyovunjika vipande. Nyuma yake lilikuwapo tangi la maji lenye kiraka. Katikati alikaa mwanamke mmoja juu ya tairi, anasugua bampa kwa msasa. Alikuwa mweupe kwa vumbi, nywele hadi kandambili. Jina lake la nyumbani lilikuwa limesahaulika. Watu walimwita Fundi Vumbi.

Alivua barakoa. Mdomo wake tu ndio uliokuwa msafi.

"Karibu, dada. Kama umeleta bampa, weka pale mwisho wa foleni. Kama umeleta maneno, keti."

"Nimeleta maneno."

Mama Pacha alimweleza yote: ngazi, sabuni, njiti, gundi, nzi. Fundi Vumbi alisikiliza akiwa amefumba macho. Alikuwa naye amechoka.

"Hiyo gundi mliichanganya na nini?"

"Tuliichanganya? Ilikuwa kwenye kopo."

"Hamkupewa kopo la pili? Dogo?"

"Lile la nyongeza?"

Fundi Vumbi alifumbua macho. Kisha alicheka mpaka vumbi likamdondoka mabegani.

"Nyongeza! Dada yangu, mmemfungisha ndoa bwana harusi peke yake. Halafu siku tatu mnangoja mtoto!"

Na Mama Pacha, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, alicheka. Bega lilimuuma, lakini alicheka.

"Sikiliza," alisema Fundi Vumbi. "Kopo dogo ni kigumishi. Bila hicho, gundi yako haitaganda hata mwakani. Sasa, mimi nina mabampa saba na mgongo mmoja. Siwezi kuwafanyia. Nitakuja saa kumi na moja, nitakaa, nitasema. Mikono iwe yenu."

"Na hilo kopo nilitoe jikoni?"

"Liko jikoni?"

"Kando ya chumvi."

Fundi Vumbi aliacha kucheka.

"Kimbia, dada. Kile si cha kuwekwa penye chakula wala penye watoto. Kikiingia jichoni kinaunguza. Kikiingia tumboni ni hospitali. Kimbia."

Mama Pacha alikimbia. Kopo lilikuwapo, limefungwa bado. Alilichukua kwa mikono miwili, akalitoa nje.

*

Saa kumi na moja Fundi Vumbi alikuja na kiti chake mwenyewe. Boti ilikuwa imeegeshwa chini ya paa la ghala tupu kando ya gati. Alikaa, akanyoosha miguu.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, fundi," alisema Baba Pacha. Hakumtazama usoni. Habari za kopo zilikuwa zimemfikia.

"Mimi sikuja kucheka, nimeshacheka kule gerejini. Dada, soma kopo."

Mama Pacha alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye darasa la jioni. Bado alisoma kwa kidole. Aliliinua kopo karibu na macho.

"Se-he-mu tano za kopo A. Sehemu moja ya kopo B. Changanya kwa dakika mbili."

"A ni kubwa, B ni dogo," alisema fundi. "Vijiko vitano vya kubwa, kijiko kimoja cha dogo. Si kwa kukisia kama chumvi ya mboga. Kwa kijiko."

"Na nikizidisha dogo?" aliuliza Baba Pacha. "Si itaganda upesi?"

"Haitagandia mahali pema. Itabaki laini au itakatika. Kipimo ni kipimo. Na makopo mengine yana vipimo vingine, kwa hiyo kila kopo linasomwa upya."

"Lakini tuliiweka juani siku tatu."

"Shemeji, nguo hukauka. Hii haikauki. Hii inaganda. Inayoigandisha si jua. Ni makopo mawili kukutana."

Baba Pacha alifungua mdomo. Alitafuta jibu mfukoni, akalikosa. Akaufunga.

Jioni ile waliikwangua gundi yote iliyonata. Kilichobaki walikifuta kwa vitambaa vyenye asetoni, ile dawa kali ya kusafishia. Fundi aliwakataza moto na sigara karibu yake. Aliwakataza pia kunawa mikono kwayo. Walivaa glavu.

Jumanne walivaa barakoa, miwani na mikono mirefu, kwa sababu vumbi la faiba huwasha ngozi na kuumiza mapafu. Walianza na tumbo la boti. Fundi aliwaazima grenda, mashine yake ya kusagia. Alikuwa amekuja kwenye saa yake ya kula, na alikula huku akisema.

"Shemeji, acha kusugua juujuu! Ondoa kila kilichovunjika mpaka ufike penye uzima. Sasa laza kingo. Mfereji uwe kama sahani, si kama kisima."

"Kwa nini sahani?"

"Kwenye sahani kiraka kinapata pa kukalia. Kwenye kisima kinaning'inia, kisha kinang'oka."

Halafu wakaja kwenye matundu. Mama Pacha alichomoa njiti. Chini ya njiti kulikuwa na kitu cheupe, kinateleza.

"Ile sabuni?" aliuliza fundi.

"Ilikuwa imebaki kipande," alisema Baba Pacha kwa sauti ndogo.

"Na bado ni nzuri, inatoa povu. Itoeni yote. Penye sabuni gundi haishiki."

Waling'oa ngazi pia, wakatoa skrubu zote. Baba Pacha alichukua drili. Alitoboa tundu la kwanza, akalipanua kidogo. Kutoka ndani yalimwagika maji ya rangi ya chai ya rangi. Yakaendelea kumwagika.

Wote watatu waliyatazama.

"Nyuma ya boti kuna ubao katikati ya faiba," alisema fundi. "Unaishikilia injini. Miaka miwili umekuwa ukinywa maji kupitia matundu haya. Nyinyi mlikuwa mkifua yale mnayoyaona. Haya hamkuyaona."

Aliinuka kitini kwa mara ya kwanza. Akaingiza msumari kwenye tundu, akauchomachoma.

"Mna bahati. Ubao ni mgumu bado. Ungekuwa umelainika kama mkate, tungekata kipande kizima. Sasa osheni sabuni kwa maji safi, kisha mkaushe."

"Kwa saa ngapi?"

"Mpaka ukauke."

"Fundi, nipe saa."

"Shemeji, maji hayana saa. Nitawaletea feni ya gerejini. Kila jioni pafuteni penye matundu, mbandike karatasi ya nailoni juu ya matundu, mzibe kingo zote kwa tepu. Asubuhi mtazame upande wa ndani wa karatasi. Ikiwa na ukungu, bado kuna maji. Ikiwa kavu, niiteni."

Kisha, akikunja kiti chake, akaimba kwa sauti iliyochoka. Alisema aliutunga wimbo ule akisugua mabampa, ili asisinzie:

*Chimba hata pawe pema, safisha kisha kausha;*
*ukijaza penye maji, mikono unajichosha.*

*

Jumatano asubuhi karatasi ilikuwa na ukungu. Feni ilivuma siku nzima.

Alhamisi asubuhi Mama Pacha alichelewa kufika. Alimkuta mumewe amechuchumaa nyuma ya boti. Karatasi ya nailoni ilikuwa chini. Makopo yote mawili yalikuwa wazi. Kijiko kilikuwa mkononi.

"Baba Pacha, unafanya nini?"

"Nimesoma kopo. Tano kwa moja. Najua sasa."

Mama Pacha aliokota karatasi. Akaigeuza. Upande wa ndani vilikuwapo vitone vidogo, kama jasho juu ya mdomo wa mtu mwenye homa. Akaishika mbele ya macho ya mumewe.

"Na hivi ni nini?"

"Ni vichache. Jana vilikuwa vingi."

"Vichache ni vingapi? Vihesabu."

"Mama Pacha, zimebaki siku tano. Redio ameshaleta mtu kuitazama namba yetu. Mtu anapima kwa miguu mahali pangu pa kuegesha, mimi nimesimama hapo hapo, ananipita kama nguzo! Nimechoka, mke wangu."

Akakaa chini. Kijiko kilianguka mchangani. Mama Pacha alimtazama. Alikuwa hajamwona mumewe amekaa chini mchana tangu mapacha wazaliwe. Ghafla aliona mvi zake, na mikwaruzo ya faiba kwenye mikono yake.

Akakaa kando yake.

"Na mimi nimechoka. Nimechoka kwa miaka miwili. Nachoka nikiamka, nachoka nikichanwa nywele. Lakini nimegundua jambo. Kufua hakukunichosha. Kilichonichosha ni kufua maji yale yale." Aliikunja karatasi. "Ukiziba leo, maji yatabaki ndani. Kiraka kitang'oka, nami nitarudi palepale. Sirudi, Baba Pacha. Namba wakiichukua, waichukue. Lakini boti hii haifungwi na maji tumboni."

Redio alipita, akawaona wamekaa chini wote wawili, akafungua mdomo kusema neno. Akaghairi. Akapita zake. Watu waliokuwapo wanasema haijawahi kutokea tena.

Hatimaye Baba Pacha alifunga kopo kubwa. Akafunga kopo dogo. Akaisogeza feni karibu zaidi.

Ijumaa vilikuwapo vitone vitatu. Mama Pacha alivihesabu. Jumamosi asubuhi aliigeuza karatasi, akaifuta kwa kidole, akakiangalia kidole. Akajaribu kwa kidole kingine.

"Kavu," alisema. Kisha akapiga kelele kuelekea gerejini. "Fundi! Kavu!"

*

Fundi Vumbi alikuja na bampa lake, akalisugua hapo hapo huku akielekeza.

Walifuta kila mahali kwa asetoni, kwa kitambaa safi. Wakangoja harufu iishe. Mama Pacha akapima: vijiko vitano, kijiko kimoja. Akakoroga dakika mbili, akikwangua pande na chini ya kikombe.

"Kwanza nyembamba," alisema fundi. "Chovya kijiti chenye pamba, upake ndani ya tundu. Ubao unywe gundi sasa, badala ya maji."

Ubao ulikunywa. Walipaka tena. Kisha wakabandika tepu upande wa nje wa matundu, ili gundi isivujie huko. Wakachanganya gundi nyingine, wakaitia unga mweupe wa kuifanya nzito, mpaka ikawa kama siagi ya karanga. Mama Pacha aliisukuma ndani ya tundu kwa kijiti, polepole, ili isiache hewa chini.

"Ijaze," alisema fundi. "Usiizibe. Kuziba ni mdomo tu. Kujaza ni tumbo na mdomo."

Baba Pacha aliona kazi inakwenda kwa vikombe vidogovidogo. Akachanganya kikombe kizima. Baada ya dakika chache kikombe kilianza kumchoma mkono. Kikatoa moshi.

"Fundi! Kinachemka!"

"Weka nje, juu ya mchanga! Mbali na asetoni! Usiuvute huo moshi!"

Alikimbia nacho, kikombe mbele na mwili nyuma, kama mtu anayetoa nyoka. Mama Pacha alijishika mbavu kwa kicheko.

"Ikiwa nyingi pamoja, inapata joto," alisema fundi bila kuacha kusugua. "Nilitaka kukwambia, shemeji. Lakini wewe ni mtu wa kujionea."

Kwenye mifereji mirefu ya tumboni walilaza kitambaa cha nyuzi za kioo. Vipande vitatu kwa kila mfereji, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko cha chini yake. Walipaka gundi kwa brashi mpaka kitambaa kikapoteza weupe wake na mapovu ya hewa yakatoka.

Jumapili kila kitu kilikuwa kigumu. Mama Pacha alibonyeza kwa ukucha. Ukucha haukuacha alama. Lakini juu kulikuwa na utelezi, kama mafuta.

"Imetoa jasho," alisema fundi. "Ni kawaida yake. Osheni kwa maji na brashi ngumu, kisha msasa. Mkipiga msasa juu ya jasho, tabaka la pili halitashika."

Waliosha, wakakausha, wakapiga msasa. Penye mashimo madogo walijaza tena. Jumatatu walipiga msasa wa mwisho, mpaka mkono ukipita haujui kiraka kinaanzia wapi. Jicho lilijua. Boti ilikuwa ya buluu, na viraka vilikuwa na rangi ya uji. Muda wa kupaka rangi haukuwapo.

"Ina mabaka kama chui," alisema Baba Pacha kwa huzuni.

"Rangi ipakwe Jumapili, kwa sababu jua huichakaza gundi hii," alisema Fundi Vumbi. "Kwa siku chache chui huyu ataogelea."

Ngazi haikurudishwa kwa skrubu. Baba Pacha aliipeleka kwa mchomeleaji, akaitilia kulabu mbili. Sasa iliangikwa ukingoni, ikatolewa, ikaangikwa popote abiria alipotaka, juu au chini, bila tundu hata moja. Na juu ya ile sakafu ya zege alilaza matairi mabovu saba kutoka gerejini. Boti iliteleza juu ya mpira. Vyuma vikabaki kutafuna hewa.

*

Jumanne mkaguzi alikuja saa mbili. Boti ilikuwa majini tangu saa moja. Aliingia, akakaa. Baba Pacha alishika injini iliyozimwa. Mama Pacha alikaa katikati, mikono mapajani. Hakujua mikono huwekwa wapi isipofanya kazi.

Gatini watu walisimama. Yule anayeitaka namba alisimama nao.

Dakika zilipita. Mkaguzi alitazama viatu vyake. Akainama, akapitisha kiganja kwenye sakafu ya boti, mbele mpaka nyuma. Akapapasa pale palipokuwa na ngazi. Akakitazama kiganja.

"Nani alifanya kazi hii?"

Baba Pacha alikohoa. "Mke wangu alipima," alisema. "Na alikataa tuharakishe. Mimi nilichoma kikombe."

"Ina mabaka mabaya," alisema mkaguzi.

"Ndiyo, mzee."

"Mimi sikagui sura." Alisimama, akaenda mbele, akaibandua karatasi nyekundu. Iling'oka kwa shida. "Namba nne, pakieni."

Wauguzi wawili walipanda, na muuza mboga, na mwalimu na bibi mmoja mwenye mkoba mkubwa. Kwa mazoea waliinua viatu mapajani. Kisha wakatazama chini. Kiatu kimoja kilishushwa, kikafuata kingine, mpaka vyote vikawa sakafuni.

"Haya, Mama Pacha," alianza mwalimu, "leo hatunawi—"

"Shh," alisema bibi wa mkoba.

Mama Pacha alikuwa amelala. Boti ilikuwa haijafika hata robo ya mto. Kichwa kilikuwa kimeangukia begani kwa bibi yule, mdomo uko wazi kidogo, mikono imelegea mapajani kama ya mtoto. Alilala usingizi wa miaka miwili.

Baba Pacha alipunguza injini mpaka ikanong'ona. Hakuna aliyelalamika kuchelewa. Walipofika ng'ambo, abiria walishuka mmoja mmoja, wameshika viatu mkononi ili visigonge. Bibi wa mkoba alibaki amekaa.

"Na wewe, bibi?" alinong'ona Baba Pacha. "Umefika."

"Nenda, rudi," alisema bibi. "Nitashuka safari ijayo."